Kuunganisha Printa na Kompyuta ya Linux

Baadhi ya ofisi za miradi yetu huko Mbagala, Tandika na Bunju zina kompyuta lakini hazina printa. Orodha ikihitajika, karani huibeba kwenye flashi hadi steshenari. Mbali na gharama ya kila ukurasa, flashi huweza kurudi na virusi, na majina ya wagonjwa au watoto tunaowasomesha huweza kubaki katika kompyuta ya mtu mwingine. Majina hayo tumekabidhiwa kwa siri. Hivyo basi, katika somo hili tunajifunza kuchapa ofisini kwetu kwa kompyuta yenye Linux.

Linux si jambo geni nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili isiyolipiwa leseni. Kwa upande wa kuchapa, Linux hutumia CUPS, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1999. Hupokea kazi, huzipanga foleni na kuzipeleka kwenye printa.

Hatua ya 1: Chunguza kabla ya kununua
Usiende Kariakoo ukatazama bei tu. Andika jina na namba kamili ya printa, kisha angalia katika tovuti ya OpenPrinting kama inakubaliana na Linux. Uliza pia bei ya wino, kwani printa ya bei nafuu huweza kuwa na wino ghali.

Hatua ya 2: Unganisha
Chomeka waya wa USB, washa printa na usubiri kidogo. Katika Ubuntu printa nyingi hutambuliwa zenyewe. Isipoonekana, fungua mipangilio, chagua printa, kisha ongeza mpya. Kwa printa za HP, weka programu ya HPLIP. Baadhi yake huhitaji nyongeza ya kupakua, hivyo andaa intaneti siku hiyo.

Hatua ya 3: Tumia ukurasa wa CUPS
Ikishindikana, fungua kivinjari na uandike localhost:631. Ukurasa huu uko ndani ya kompyuta yenyewe, hivyo hauhitaji intaneti. Ukiongeza printa hapo, utaombwa jina na neno la siri la msimamizi wa kompyuta.

Hatua ya 4: Jaribu
Hakikisha karatasi iliyochaguliwa ni A4. Ikiwa ni Letter ya Marekani, ambayo ni fupi na pana kidogo, maandishi huweza kukaa vibaya. Kisha chapa ukurasa wa majaribio.

Umeme ukikatika
Kazi huweza kubaki kwenye foleni na printa ikawa imesimamishwa hata baada ya umeme kurudi. Usibofye kuchapa mara nyingi, kwani nakala zote zitatoka baadaye na kumaliza karatasi. Andika lpstat -p kuona hali na jina la printa. Ikiwa imesimamishwa, andika sudo cupsenable na jina hilo. Kufuta foleni yote, andika cancel -a.

Aidha, chukueni karatasi mara zinapotoka. Orodha iliyosahaulika juu ya printa haina siri tena.

Maswali ya kujadili
1. Ni nyaraka zipi za ofisi yenu hazipaswi kwenda steshenari?
2. Karani akiwa likizo, nani mwingine anajua hatua hizi?