Umekatwa kidole na mashine? Usisaini kitu

Barua imetoka Athi River. Kijana anafanya kazi kwenye kiwanda cha sufuria, zamu ya usiku. Mwezi wa pili mashine ya kugonga mabati, ile wenyewe wanaiita presi, ilimshukia mkono ikaondoka na vidole viwili. Kinga ya chuma iliyopaswa kuwa mbele ya presi hiyo ilikuwa imeegemezwa ukutani tangu mwaka jana kwa sababu, anaandika, "inachelewesha tageti". Mwajiri alilipa hospitali, akampa shilingi 20,000, akamwekea karatasi ya Kiingereza asaini. Leo akidai fidia anajibiwa kwamba alizembea, na isitoshe alisaini. Anauliza kama kuna njia.

Njia ipo, ila ina muda wake.

Tuanze na huo uzembe, maana ndio wimbo wa kila meneja. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila sehemu hatari ya mashine izibwe kwa kinga madhubuti, itunzwe, na ibaki mahali pake muda wote mashine inapotembea. Haimuulizi mwenye kiwanda kama wafanyakazi wake ni makini. Kinga iliwekwa kwa sababu binadamu huchoka, na saa tisa usiku hata aliye makini husinzia. Kweli, mfanyakazi naye amekatazwa kuchezea vifaa vya usalama, kwa hivyo kama uliitoa kinga mwenyewe kwa siri, utakuwa na maswali ya kujibu. Lakini kinga iliyolala ukutani miezi na miezi, supavaisa akipita mbele yake kila asubuhi, imetolewa na kampuni, hata kama spana ilikuwa mkononi mwako.

Sheria ya pili, ile ya fidia ya majeraha kazini inayojulikana kama WIBA, pia ya 2007, haitaji uzembe popote kama sababu ya kukunyima. Inachotaja ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo haumnyimi fidia aliyepata ulemavu mkubwa, wala familia ya aliyekufa. Kusinzia si makusudi.

Sasa ile karatasi. Haimwondolei mwajiri wajibu wa kuripoti ajali, wala haimfungi Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ndiye mwenye kuamua fidia. Mwajiri anajua hivyo, au wakili wake anajua. Basi kwa nini anaitaka sahihi yako? Kwanza, mara nyingi katikati ya Kiingereza kile mna sentensi inayosema ulikosea wewe. Pili, na hapa ndipo watu wengi wanaponaswa, inakutuliza. Unarudi nyumbani ukiamini mambo yamekwisha, au unaambiwa "subiri, tutakuita". Dai la fidia lina miezi 12 tangu siku ya ajali. Wanakungoja umalize mwaka.

Mwajiri akishaarifiwa ana siku 7 kupeleka ripoti kwa Mkurugenzi, na mtu akifa ni saa 24. Usimtegemee. Nenda mwenyewe ofisi ya kaunti ya DOSHS, idara ya Mkurugenzi huyo, uulize kama ajali yako imeandikwa, na uombe fomu ya DOSH/WIBA 1. Ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Mwajiri akikataa kujaza yake, lalamika kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakisema wewe ulikuwa kibarua tu, hawakujui, fungua simu: ujumbe wa M-Pesa wa mshahara wa kila Jumamosi ni ushahidi. Mkataba wa mdomo ni mkataba, na kazi ya kuandika masharti ni ya mwajiri.

Hesabu yenyewe ni hii. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96, kisha unapewa asilimia ambayo daktari amekadiria. Ukipokea 18,000 kwa mwezi na ulemavu ukawekwa asilimia 10, ni shilingi 172,800. Linganisha na ile 20,000 ya bahasha. Usiporidhika na uamuzi una siku 60 za kupinga kwa Mkurugenzi, kisha Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba.

Ila tazama fomula hiyo tena. Mwajiri aliyeng'oa kinga na mwajiri aliyeitunza wanalipa sawasawa, na anayetoa pesa ni kampuni ya bima. Zamani ungemshtaki kwa uzembe wake yeye na hakimu akapima maumivu yako. WIBA imeufunga mlango huo, na Mahakama ya Juu ikathibitisha hivyo Desemba 2019. Yamebaki mashtaka ya jinai: faini ya hadi shilingi milioni moja mtu akiumia au akifa kwa sababu sheria ya usalama imevunjwa. Faini hiyo inamhitaji mkaguzi wa kuandika kesi. Baadhi yao huishia ofisini kwa meneja, wakanyweshwa chai isiyo ya majani, wakaondoka bila kukanyaga sakafu ya kiwanda.

Na kama mwajiri hakukata bima? Tanzania walianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa sheria ya 2008. Waajiri wote huchangia na mfanyakazi anadai kwa Mfuko. Kwetu unabaki na barua ya Mkurugenzi mkononi ukimkimbiza mtu aliyebadilisha jina la kampuni. WIBA haisemi bayana uamuzi huo utatekelezwaje, kwa hivyo yule aliyekatazwa kwenda kortini kushtaki analazimika kwenda kortini kuomba alipwe.

Ndugu yangu wa Athi River, nenda DOSHS wiki hii, na karatasi uliyosaini uibebe. Wenzako waliobaki kwenye presi hiyo nao waambie kwamba ile sheria ya usalama ya 2007 inamruhusu mfanyakazi kuondoka penye hatari kubwa ya papo hapo bila kufutwa. Waripoti kwa supavaisa kwanza, kwa ujumbe wa simu, wasiseme kwa mdomo tu.