Mwani na viungo vinavyovimba: Usiache dawa

MWANI unaolimwa Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, siku hizi hutengenezwa sabuni na hata sharubati. Huenda umeambiwa pia kwamba hutuliza viungo vilivyovimba. Kabla hujaacha dawa za baridi yabisi ulizopewa hospitalini, soma haya.

Viini vinapoingia mwilini, chembe nyeupe za damu ndizo askari. Aina moja, makrofaji, humeza viini hivyo na kutoa kemikali za kuwaita wenzake. Mahali hapo huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Katika aina kali ya baridi yabisi, askari hao hugeuka na kushambulia viungo vya mwenyewe, na mifupa huliwa polepole.

Watafiti huweka makrofaji katika kisahani, wakazichokoza kwa sumu ya bakteria, kisha wakatia fukoidani, kitu kinachotolewa katika mwani wa rangi ya kahawia. Mara nyingi kemikali zile hupungua. Ni habari njema, lakini ni habari ya kisahani. Ukiila fukoidani, ni kiasi kidogo sana kinachopenya utumbo na kufika kwenye damu.

Tena mwani si wa aina moja. Ule wa Kwale ni wa jamii ya mwani mwekundu, hauna fukoidani. Una karajinani, ute unaotumiwa kuipa uzito aiskrimu na dawa ya meno. Ajabu ni kwamba tangu 1962 watafiti huudunga ute huo katika wayo wa panya makusudi uvimbe, ndipo wajaribu dawa za kutuliza uvimbe! Kula si sawa na kudungwa, kwa hivyo aiskrimu usiiogope. Lakini anayekuuzia unga wa mwani huo kama tiba, muulize anazungumzia mwani gani.

Mwani fulani una ayodini nyingi mno, inayoweza kuvuruga tezi ya shingo. Fukoidani nayo huweza kuzuia damu kuganda. Anayemeza warfarini asiiguse bila kumwambia daktari wake.

Kama unapenda mwani kwa mboga, kula kwa kiasi. Methotreksati yako endelea kuimeza kama ulivyoagizwa, siku ile ile moja kwa wiki, kwani kiungo kikishaharibika hakirudi kama kilivyokuwa. Na ikiwa vidole hukaza kila asubuhi kwa nusu saa au zaidi, majuma yakipita bila nafuu, nenda ukapimwe.