Klorini Hufanyaje Kazi Katika Maji ya Kunywa?

Maji ya mto au ya mfereji yaweza kuleta nyumbani kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Kwa hiyo wakulima wengi hutia dawa ya klorini. Lakini pengine dawa hutiwa kila siku, na watoto bado wanaharisha. Sababu ni nini? Mara nyingi dawa si mbaya, ila imekwisha nguvu kabla ya kuwafikia vijidudu.

Katika chupa, klorini imefungamana na sodiamu na oksijeni. Ikiingia majini hutokea asidi hafifu, iitwayo asidi ya hipoklorasi. Hiyo hupenya ngozi ya kijidudu na kukila ndani, kama kutu ilavyo jembe, mpaka kife.

Lakini klorini haichagui. Ikikuta udongo, majani yaliyooza au samadi, huanza kazi huko. Ni kama mbolea katika shamba lenye magugu: magugu hushiba, mahindi hukosa. Basi fanya hivi:

1. Acha maji yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne.

2. Tia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mtungi wa lita 20 za maji maangavu huhitaji klorini kama miligramu 40. Maji yakiwa bado na vumbi, tia mara mbili.

3. Koroga, funika, ungoje dakika 30. Maji yenye magadi hupunguza ile asidi. Hayo yangoje zaidi.

4. Nusa. Harufu kidogo ya klorini ni dalili njema: imebaki akiba ya kulinda maji mtungini. Kama hakuna harufu, tia tena kipimo kile kile, ungoje.

Weka chupa kivulini, mbali na watoto, kwa maana jua huvunja nguvu ya dawa. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia. Hutoka hewa ya sumu. Tena wako vijidudu wachache wenye ganda gumu wasiokufa kwa klorini. Maji ya mtoto mchanga na ya mgonjwa ni afadhali kuyachemsha.

Hesabu ya kujijaribu: Kila mililita ya dawa ina klorini miligramu 12.5. Mtungi wa lita 20 za maji maangavu wataka mililita ngapi? Jibu: gawanya 40 kwa 12.5, utapata 3 na kidogo.