Picha ya Skrini na Usomaji wa Miswada ya Kiswahili kwa Herufi za Kiarabu: Faida na Hasara za Viendelezi vya Vivinjari

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna picha ya skrini inavyopelekwa kwa programu ya mazungumzo ya akili mnemba kwa msaada wa kiendelezi cha kivinjari, pale mtafiti anapotaka kusomewa mswada wa Kiswahili. Tunadai kwamba kasi inayopatikana ni faida ya kweli, lakini huondoa pia hatua zilizokuwa zikihifadhi utambulisho wa mswada na shaka ya msomaji.

1.0 Utangulizi

ChatGPT ilitolewa kwa umma mwezi Novemba 2022, na mwaka 2023 ikaanza kupokea picha pamoja na maandishi. Tangu hapo mtafiti anaweza kuionyesha programu ukurasa wa utenzi na kuitaka iunukuu kwa herufi za Kirumi. Kwa kuwa maktaba kama ile ya SOAS, London, zimekwisha kuweka mtandaoni picha za miswada ya Kiswahili, safari ya ukurasa kutoka maktaba hadi kwa programu hufanyika yote ndani ya kivinjari kimoja.

Kabla ya kuendelea, yafaa tufafanue istilahi. Kiendelezi ni programu ndogo inayoongezwa katika kivinjari ili kukipa uwezo ambao hakikuwa nao. Picha ya skrini ni nakala ya kile kinachoonekana mbele ya mtumiaji kwa wakati fulani. Ama kuhusu akili mnemba, istilahi hiyo bado inashindana na akili bandia na akili unde. Tumeichagua kwa ajili ya makala haya tu.

2.0 Utaratibu wa Kazi

Bila kiendelezi, mtafiti hubonyeza vitufe vya kupiga picha, huhifadhi faili na kuipa jina, hufungua programu ya mazungumzo, huitafuta faili, huipakia, ndipo aandike swali lake. Kwa mswada wenye beti mia kadhaa, hatua hizo huchosha.

Kiendelezi huzifupisha. Mtumiaji anapobofya alama yake, kiendelezi hukiomba kivinjari nakala ya sehemu ya ukurasa inayoonekana. Kivinjari huitoa nakala hiyo kwa umbo la PNG au JPEG, na kiendelezi huiweka katika kisanduku cha swali au katika ubao wa kunakili. Vingine humruhusu mtumiaji kukata kipande anachokitaka tu.

Mambo mawili hapana budi yazingatiwe. Kwanza, kinachonakiliwa ni kile kinachoonekana, wala si picha asilia iliyohifadhiwa na maktaba. Ukurasa ukionyeshwa kwa udogo, nakala nayo huwa na maelezo machache. Pili, umbo la JPEG hupunguza ukubwa wa faili kwa kupoteza sehemu ya maelezo, na kingo za alama ndogo hufifia. Katika herufi za Kiarabu, nukta ndizo zinazotenganisha b, t na n mwanzoni na katikati ya neno. Nukta ikififia, neno limebadilika.

3.0 Mfano wa Utata

Tuchukue mfano mmoja. Katika hati za zamani, herufi ya b ilitumika pia kwa p na mb. Dhamma ilisimama kwa u na kwa o. Kwa mwandishi asiyeweka alama za ziada, umbo moja lenye k, dhamma, b na fatha laweza kusomwa kuba, kupa, kumba, kopa au komba. Ni kwa sababu ya utata wa aina hii kwamba Sheikh Yahya Ali Omar na P.J.L. Frankl walichapisha mwaka 1997 mapendekezo ya kuustawisha mfumo huo wa maandishi.

Msomaji mzoefu huushika utata huo mkononi hadi maana ya ubeti imwamulie. Programu ya mazungumzo, aghalabu, huchagua usomaji mmoja na kuuandika kwa ufasaha, kana kwamba hapakuwa na mwingine. Mizani haisaidii hapa, kwa sababu maneno yote matano yana mizani miwili. Mizani hufichua silabi iliyoongezwa au kuachwa katika kipande cha mizani minane. Haiwezi kuamua kati ya kupa na kopa.

4.0 Kinachopotea kwa Haraka

Yule aliyelazimika kuipa faili jina alikuwa na nafasi ya kuandika namba ya mswada, ukurasa na mstari. Kiendelezi kinachoipeleka picha moja kwa moja hakimdai lolote kati ya hayo. Baada ya miezi sita, mwanafunzi hubaki na manukuu yasiyo na asili, na msimamizi wake hana pa kuyahakiki. J.W.T. Allen alipochapisha mwaka 1970 orodha ya miswada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, thamani ya kazi hiyo ilikuwa hasa kwamba msomaji mwingine angeweza kuurejea mswada uleule.

Aidha, kuna suala la faragha. Baadhi ya viendelezi huomba ruhusa ya kusoma kurasa zote zinazofunguliwa, ilhali ukurasa ulio wazi tu ungetosha. Miswada mingine ni mali ya familia, nayo hubeba majina, madeni na nasaba. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata pasipo sheria, ruhusa ya kutazama si ruhusa ya kusambaza.

5.0 Hitimisho

Hatusemi kwamba viendelezi viachwe. Tunapendekeza mambo matano. Mosi, ukurasa ukuzwe kabla ya kupigwa picha, na umbo la PNG lipendelewe. Pili, namba ya mswada, ukurasa na mstari viandikwe ndani ya swali lenyewe. Tatu, programu itakiwe kwanza kutoa konsonanti na irabu kama zilivyoandikwa, kisha isomaji zote zinazowezekana. Nne, jina la programu, tarehe, swali na jibu vihifadhiwe pamoja na picha. Tano, usomaji uhakikiwe na mjuzi wa lahaja ya mwandishi.

Dakika zilizookolewa katika kupeleka picha zitumike katika uhakiki huo. Zisipotumika hivyo, tutakuwa tumeharakisha kunukuu huku tukichelewesha kuelewa.