Picha au mchoro? Neno moja la kutafsiri
Nikitafsiri, hapa Ndosho, maelezo ya mAb114, dawa ya Ebola iliyotokana na seli za damu za mtu aliyepona huko Kikwit mwaka 1995, neno "picha" lilinisumbua. Protini ya kirusi inayozungushwa kwenye skrini haikupigwa picha. Kompyuta huichora upya, mara 60 hivi kwa sekunde: kila atomu ni duara bapa linalotiwa kivuli lionekane tufe, na zilizofichika nyuma huachwa, la sivyo maelfu ya atomu yangeilemea mashine. Rangi huchaguliwa na mchoraji tu. Kivu ya Kaskazini, ambako wengi waliitilia shaka hata Ebola yenyewe, msomaji akiambiwa "picha" atauliza nani aliipiga. Naandika "mchoro wa papo kwa papo", na rangi nazieleza chini yake.