Dereva wa Kurasini na Ukungu wa Kitonga

Malori yanayopakia mafuta Kurasini mengi hushika Barabara ya Mandela, yakatokea Ubungo, kisha yakaanza safari ya Tunduma. Dereva huondoka akitokwa jasho. Baada ya yapata kilomita 400, mlimani Kitonga mkoani Iringa, anaweza kujikuta haoni hata mkia wa tela lililo mbele yake. Mkufunzi wa madereva wa magari makubwa anajibu maswali.

Shikamoo mwalimu. Nimekulia Temeke na sijawahi kuona ukungu wa kuziba barabara. Kwa nini huku haupo?

Marahaba. Bahari yetu ni ya vuguvugu, hivyo hewa ya usiku haipoi kiasi cha kuugeuza mvuke kuwa matone. Pwani ya Namibia, yenye mkondo wa baridi wa Benguela, hupata ukungu mwingi. Huko Iringa kazi hiyo hufanywa na mlima: hewa yenye unyevu ikisukumwa juu, hupoa karibu nyuzi 1 kwa kila mita 100, mpaka mvuke ugeuke matone. Unachokutana nacho Kitonga au Mafinga ni wingu lililokaa barabarani.

Nikiwasha fulu naona weupe mtupu. Taa zangu mbovu?

Taa ni nzima. Kila tone la ukungu hurudisha sehemu ya mwanga machoni pako, na fulu hulenga matone mengi zaidi. Weka dimu. Kama gari lina taa za ukungu, washa: zimefungwa chini na mwanga wake hutanda karibu na lami. Usitegemee zile taa za mbele zinazojiwasha mchana. Kwenye magari mengi haziwashi taa za nyuma, na anayekuja nyuma hakuoni.

Mwendo gani ni salama?

Ule unaokuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Kwa kilomita 80 kwa saa unapita mita 22 kila sekunde. Ukiona mita 50 tu, una sekunde mbili na kitu, na lori lililopakia halisimami kwa muda huo. Kwa kilomita 30, sekunde moja ni mita 8. Ile 80 ya magari makubwa ni ukomo. Hakuna aliyekuamuru uifikie.

Wenzangu hufuata taa za lori la mbele. Si ndiyo usalama?

Hapo umemkabidhi mwenzako macho yako. Akiacha barabara, unaacha naye. Akifunga breki, unaingia kwenye tela lake. Mwache aende. Fuata mstari wa pembeni kushoto, wala usiovateki hata kama unadhani unaijua kona.

Nasoma chuo hapa Kurasini. Kaka alinipeleka Makambako usiku, kioo kikawa kinapata ukungu kwa ndani. Tufanyeje?

Huo ni mvuke wa pumzi zenu uliogusa kioo baridi. Kukifuta kwa kiganja kunaacha mafuta yanayotawanya mwanga. Washeni kiyoyozi pamoja na joto, mkielekeza hewa kiooni: kiyoyozi hukausha, joto hupasha kioo. Kama hakifanyi kazi, fungueni dirisha kidogo.

Gari likiharibika katikati ya ukungu?

Livute nje kabisa ya lami, uwashe taa zote za tahadhari. Watu washuke na kukaa mbali na barabara, wasisimame nyuma ya gari. Tumezoea kutandaza matawi, lakini tawi halirudishi mwanga. Dereva huliona akiwa ameshalikanyaga. Weka pembetatu zinazoakisi, mbali zaidi ya ulivyozoea, ukitembea pembeni na tochi mkononi.

Nijiandae lini?

Kabla ya kutoka Kurasini. Vumbi na mafuta ya yadi huganda kwenye taa na rifrekta za tela, na huku kwenye mwanga wa mjini huoni tofauti. Mwambie utingo azifute zote, wewe ukanyage breki yeye ahesabu taa zinazowaka nyuma. Balbu iliyoungua ni rahisi kuibadilisha hapa kuliko Kitonga usiku wa manane.