Je, Mwanamichezo wa Kiti cha Magurudumu Anakula vya Kutosha?

Katika somo la mwezi huu tutazungumzia chakula cha ndugu zetu wanaocheza mpira wa kikapu au kushindana mbio wakiwa kwenye viti vya magurudumu.

Michezo hii ilizaliwa hospitalini. Tarehe 29 Julai 1948, huko Stoke Mandeville, Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha majeruhi wa vita 16 kulenga shabaha kwa upinde na mishale. Zamani wengi walioumia uti wa mgongo walikufa mapema kwa vidonda vya kukaa na kulala, au kwa maambukizi ya njia ya mkojo. Maadui hao wawili wapo hata leo, na mwili usiolishwa vizuri hushindwa kupambana nao.

Katika familia nyingi husemwa, "Huyu anakaa tu, ale kidogo." Neno hili ni kweli nusu. Misuli ya miguu isiyofanya kazi hutumia nguvu kidogo. Basi asiyefanya mazoezi akila kama mkulima, atanenepa na kujiweka katika hatari ya kisukari. Lakini anayesukuma kiti uwanjani kwa saa 2 anafanya kazi nzito kwa mikono na mabega. Nguvu inayobaki baada ya mazoezi ndiyo inayoponya ngozi, kutunza mifupa na kuendesha mwili. Ikibaki kidogo mno, mwili hubana matumizi, kama mama anayepima unga uliobaki debeni.

Tumbo lisitudanganye. Mtu aweza kuwa na kitambi na bado asile vya kutosha kwa mazoezi yake. Tena, kwa aliyeumia uti wa mgongo, utumbo hufanya kazi polepole, hivyo hujisikia ameshiba mapema.

Dalili za kuangalia:
(a) Uchovu usioisha, na mazoezi kurudi nyuma.
(b) Kidonda cha makalio au kisigino kisichopona.
(c) Kuugua mara kwa mara.
(d) Msichana au mama kukosa hedhi miezi 3 mfululizo bila ujauzito.
(e) Mfupa kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu. Mifupa ya miguu isiyobeba uzito huwa dhaifu tayari.

Familia ifanye nini?
1. Mpeni milo midogo mara nyingi kuliko sahani moja kubwa.
2. Saa 2 kabla ya mazoezi apate uji, viazi vitamu au ndizi. Akimaliza, asikae na njaa: apate maziwa, yai, maharage au dagaa pamoja na ugali au wali.
3. Mboga na matunda visikose.
4. Asijinyime maji kwa kuogopa taabu ya kwenda chooni. Mkojo mzito hukaribisha maambukizi.
5. Apimwe uzito kila mwezi. Mizani ya magunia yafaa: apimwe pamoja na kiti, kisha uzito wa kiti utolewe.
6. Ngozi ya makalio ikaguliwe kila siku.

Mkiona dalili yoyote kati ya hizo, msingoje mashindano yapite. Mpelekeni kituo cha afya, na mmweleze mganga anafanya mazoezi siku ngapi kwa wiki na anakula nini.

Ndugu wazazi, msimpimie chakula kwa kutazama kiti alichokalia. Mpimieni kwa kazi anayoifanya.